Enoka Wawili wa Kibaoni

Generosa alikuwa msimamizi wa usalama kwenye ujenzi wa ghala la mpunga pale Kibaoni. Siku lori la zege lilipofika, nusu ya soko ilihamia kutazama pipa lake likizunguka.

"Nyie, rudini nje ya kamba!" aliwafokea. Akamgeukia dereva, Enoka, jitu la mabega mapana kutoka Mpanda. "Kaka, usisogeze gari mpaka nikuite."

"Sawa, dada. Ukiita tu, narudi."

Generosa akaenda kuwafukuza vijana waliokaa ukingoni mwa mtaro wa msingi. Alikuwa bado anabishana nao, sauti ya mwanamke ikapaa: "Enoka, rudi! Rudi nyuma, Enoka!"

Lori likaanza kurudi nyuma. Vijana wakatimka. Generosa alipiga filimbi mpaka macho yakamtoka, na breki ikashikwa wakati udongo wa ukingoni umeshaanza kumegeka.

"Nani kakuita?"

"Si wewe?"

"Nimeita mimi," alisema Suzana, mama wa Kisukuma aliyekuwa akipita na maksai wake. Alikuwa amemng'ang'ania mkia. "Enoka huyu hapa. Anataka kula kamba yenu."

Dereva akashuka. "Ng'ombe anaitwa Enoka? Kwa nini?"

"Ana nguvu, ila asubuhi haamki, kama kina Enoka wote ninaowajua."

Watu walicheka, lakini Generosa akamgeukia Suzana.

"Mama, mwite jina lingine mpaka tumalize."

"Hajui lingine."

"Basi dereva atakuwa Zefania."

"Mimi nibatizwe upya kwa ajili ya ng'ombe?" Akanuna, akakubali, akasogeza lori mbele kidogo.

"Zefania, rudi!" Lori halikusogea. "Zefania!"

Dereva akatoa kichwa dirishani, naye akaanza kumtafuta huyo Zefania.

Generosa akachoka na majina. Akamwambia Suzana amfunge maksai mbali, akahakikisha hakuna mtu nyuma ya lori, kisha akasimama anapoonekana kwenye kioo cha pembeni. "Angalia mikono yangu tu. Usiponiona, simama."

Akapunga, lori likarudi taratibu. Akakunja ngumi, likasimama mbali na ukingo. Mfereji wa chuma ukashushwa, zege likateremka mtaroni, mafundi wakalivamia kwa makoleo.

Kazi ilipokwisha na mfereji ukaoshwa, dereva alimwendea maksai, akamzunguka akimkagua.

"Shikamoo, wajina."

"Usisimame hapo nyuma," Suzana alimwonya. "Huyo hapigi honi."