Taa ya Kusafishia Kidonda

"Hapa nafanya kazi kwa kupapasa, mzee," muuguzi alimwambia seremala kwa mara ya tatu mwezi ule. Kila alipoinama kusafisha kidonda cha mguu wa mke wa seremala, mgongo wake uliziba taa ya dari. Chumba kilikuwa chembamba mno. Taa ya kutokeza ukutani ingempiga kichwani. Ilibidi izamishwe ndani ya ukuta.

Kesho yake seremala akabandua ubao wa ukuta. Pale pale alipoitaka taa pamesimama nguzo, imebeba boriti ya dari. Mkewe akakataa katakata kuhamishiwa chumba kingine.

"Wewe kata," alisema. "Ila usiniangushie nyumba."

"Miaka arobaini najengea watu, nije kuangusha yako?"

"Wakati huo ulikuwa na macho."

Seremala akasimika mti chini ya boriti kuishikilia, akakata kipande cha nguzo, akapigilia mbao mbili za kulala, juu na chini ya pengo, na kuzishikiza kwenye nguzo za pembeni. Alipoondoa mti, boriti ililia kidogo, ikatulia. Mkewe akamwachia pindo la shati alilokuwa amelishika.

Alasiri fundi umeme aliunga nyaya. Muuguzi akawasha, akafungua bandeji, akainama karibu zaidi. Weusi wa kuoza waliodhani umeishia vidoleni ulikuwa umekwishapita kifundo cha mguu.

"Sikuwa naona," alisema muuguzi.

Mara mbili za kwanza muuguzi alipolalamikia taa, seremala aliahirisha. Aliyesema "kesho, kesho" ni yeye.

"Kuna nini?" mkewe akauliza. "Taa haitoshi?"

"Inatosha, mama," alisema muuguzi. "Twende hospitali."

Huko daktari alisema mguu ukatwe juu ya goti, la sivyo hamalizi wiki. Mke akasema bora afe mzima. Usiku homa ikapanda, akawa anaweweseka, na karatasi ya kukubali upasuaji akaletewa mumewe. Akatia sahihi.

Mke alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, hai, mguu mmoja hana. Na muuguzi aliongea, na majirani aliongea. Mumewe akiingia, aligeukia upande wa pili. Seremala alimwosha, akamlisha, akamgeuza, wala hakujitetea hata siku moja.

Mwezi wa pili tangu arudi, asubuhi moja, seremala alimwekea kikombe cha chai kando ya kitanda, akawa anatoka.

"Chai imepoa," mkewe alisema, bila kumtazama.

Akarudi, akakichukua, akaenda kuipasha.