Kengele za Bibi Bunnam

Kila saa ya dawa, pale ofisini katika mji wa Pangyo, marehemu walivua viatu mlangoni, wakavaa slipa za wageni na kukaa karibu na mtungi wa maji. Simu zao zilikuwa zimelia, nao wameitika. Programu ya kuwakumbusha watu dawa ilikuwa ya kampuni hii, basi waende wapi kwingine? Wafanyakazi waliwainamia kwa adabu na kuendelea na kazi.

Mchana mmoja Bok Harin, aliyeachiwa programu hiyo na fundi aliyehama, alikuwa akila gimbap, wali uliovingirishwa kwa mwani, mezani pake. Bibi Bunnam alimsogelea, simu ameifunga kwenye leso.

"Mwanangu, jioni hii ndiyo kumbukumbu ya kifo changu. Mwaka jana wanangu waliniandalia meza kule nyumbani Andong, mimi nimekaa hapa nangoja kidonge cha presha. Wali ukapoa. Mkwe wangu akadhani nimesusa."

"Hukuifuta kengele, Bibi?"

"Nimefuta mpaka kidole kimechoka. Haionekani, lakini inalia."

"Ulikuwa ukibadilisha saa yake?"

"Kila nikichelewa kula. Si daktari alisema dawa ni baada ya chakula?"

Harin akanawa mikono. Ugonjwa wa kengele hizo alikwisha kuujua. Kengele ikishapangwa hufutwa kwa namba ileile iliyoipanga, na yule fundi aliipa namba mpya kila saa ilipobadilishwa, ile ya zamani akaitupa. Kitufe cha kufuta kiliondoa maandishi kwenye kioo tu. Kengele zenyewe zilibaki ndani ya simu, zikingoja saa zao kama mbwa mlangoni.

"Kazi ndogo hii, Bibi. Kunywa maji."

Alichomeka waya, akaiamuru simu itaje kila kengele inayosubiri na namba yake. Zilitoka nyingi, za miaka. Akaziita moja moja kwa namba zake na kuzifuta. Bibi alisinzia kitini.

Kisha Harin akaandika marekebisho ya simu zote, akampelekea kiongozi wao, Pyo Gyutae, mtu mpole aliyejua siku za kuzaliwa za wafanyakazi wake wote.

"Safi sana," alisema Pyo. "Lakini hatuyasambazi."

"Kwa nini, bosi?"

"Watumiaji walio hai wanatukimbia wiki ya pili. Hawa wanaitika kila siku. Wawekezaji wanawapenda."

"Wamekufa, bosi."

"Na hawajawahi kulalamika."

"Bibi Bunnam amelalamika."

"Basi yeye mfutie. Wengine waache."

Jioni saa ya dawa ilifika. Kiti cha Bibi Bunnam kilikuwa kitupu, na Harin alifurahi, akafurahi kweli. Huko Andong wali ulikuwa bado unafuka, kijiko kimesimamishwa katikati ya bakuli, ishara kwamba marehemu anakula.

Pyo alizichukua slipa za bibi, akazipangusa vizuri na kuzirudisha mlangoni. Mzee mmoja mgeni akazivaa, akamwendea Harin.

"Samahani, binti. Nimeitwa na kengele ya dawa."

"Karibu, Mzee. Kumbukumbu yako ni lini?"

"Kumbukumbu? Msiba wenyewe haujaisha. Nimewaacha wageni wangu wanakunywa supu."

Harin alimvutia kiti, akautwaa ule waya na kunyoosha mkono apokee simu.