Vichwa Visivyokataa

Musyimi aliposukuma mlango wa chumba cha mwanawe, wachezaji wote wa magongo walikuwa wakitikisa vichwa.

Walijipanga rafuni kama kawaida, vidoli vya plastiki vyenye viatu vya kutelezea barafuni, vichwa vikubwa vimekaa juu ya springi. Ukigusa rafu vinaitikia ndiyo, ndiyo, kisha vinatulia polepole. Dirisha lilikuwa limefungwa. Basi mtu alikuwa ametoka humo sasa hivi.

Alimkuta mkewe, Kalekye, jikoni akichambua ndengu.

"Mama Muthama, nani alikuwa kwa hicho chumba?"

"Si mimi. Labda ni panya."

"Panya gani huyo wa kutingisha rafu nzima?"

"Baba Muthama, wacha nipike."

Hakuinua uso. Kalekye hakujaliwa kipaji cha uongo. Akijaribu, mikono yake hufanya haraka isiyo na maana. Sasa alikuwa akitupa ndengu nzima pamoja na mawe.

Musyimi alikosa raha. Ujanani alikuwa golikipa wa magongo shuleni, na Muthama alipokwenda Kanada kutafuta riziki, alimtumia babake kidoli kwa mkono wa kila mtu wa kwao aliyerudi likizo. Vingine Musyimi alivichokora mwenyewe kwenye mitumba sokoni Tawa. Kisha simu za Muthama zikakatika. Tangu mvua za mwaka jana, kimya. Na Jumapili iliyopita mchungaji alihubiri kuhusu sanamu zinazokaribisha mapepo nyumbani, naye Kalekye akaitikia amina kwa sauti iliyomkera mumewe.

Anataka kuvichoma, Musyimi alijiambia. Akivichoma, nitabaki na nini cha mtoto?

Kesho yake alitangaza kwamba anakwenda Kikima. Alifika langoni, akazunguka nyuma ya nyumba kama mwizi, akaingia kwa kunyata. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo.

Kalekye alisimama mbele ya rafu, kitambaa cha kanisani kichwani. Hakuwa na kiberiti. Aliigusa rafu kwa kidole.

"Muthama anakula vizuri?"

Vichwa viliitikia.

"Atapiga simu?"

Vikaitikia tena. Kalekye alitabasamu, na Musyimi, pale nyuma ya mlango, aliona aibu iliyomwasha hadi masikioni. Alitaka kuondoka.

"Ama..." Kalekye aliondoa kidole rafuni. "Ama mtoto wangu alikufa?"

Vichwa vilikuwa bado vinaitikia.

Kalekye alikidaka kidoli cha kwanza, akakibana kichwa kwa mikono miwili. "Hapana! Hapana, sijauliza!" Vingine vyote viliendelea, ndiyo, ndiyo, bila haraka.

Musyimi aliingia. Kalekye aligeuka, mdomo wazi, lakini mumewe alikuwa tayari amefika rafuni na kushika vichwa viwili, kimoja kwa kila mkono.

"Shika hao wa huko, Mama Muthama," alisema. "Hawa nitawashika mimi."