Chuma Kinachotembea

Ramani ilitoka na milia. Lile duara la vilima upande wa Lukafu, ambalo Syntiche alilipita mstari kwa mstari kiangazi kizima kwa ajili ya tasnifu yake, akiwa na kipima-sumaku begani, lilionekana kwenye skrini kama godoro la hospitali. Alitamani kuipiga kompyuta ngumi.

Kazi yenyewe haina uchawi. Jiwe kubwa likianguka kutoka angani, miamba ya chini hupondeka na sumaku yake huvurugika. Ukipita juu na kipimo, kwenda na kurudi, unapata picha ya kovu lililofukiwa bila kuchimba popote. Ila sumaku hiyo ni dhaifu, na chuma kidogo tu huifunika. Ndiyo maana anayebeba kipimo havai mkanda, habebi funguo, na viatu vyake havina msumari.

Sasa milia ile ilifuata miguu yao. Walipokwenda kaskazini namba zilipanda, walipogeuka kusini zikashuka. Chuma hakikuwa ardhini. Kilikuwa kinatembea nao.

"Mvula imeanza, njia ya Lukafu imekufa, hatutarudia," alisema Profesa Symphorien, mkuu wa kazi ile. "Mwenye alitembeza chuma atatoka mu équipe yangu. C'est tout. Kesho mukuye na nguo zile zile za pori."

Katika kikosi chake waliotembea walikuwa wawili tu: Syntiche mbele na kipimo, Casimir hatua chache nyuma akishika kamba ya kupimia. Syntiche hakulala na shaka. Alikuwa na jina tayari.

Asubuhi kipimo kilisimamishwa juu ya nguzo ya mbao, uani nyuma ya maabara. Wanafunzi walijipanga barazani kama watu waliokuja kutazama mpira.

"Casimir, vula soulier."

Tangu mwaka wa kwanza Syntiche alimwita yaya Casimir, kama kaka mkubwa. Leo heshima hiyo aliimeza.

"Nilivula kule, na hapa nitavula tena?"

"Ulikuwa na téléphone mu mufuko. Nilikuona."

"Muongo! Téléphone ilibakia mu gari, na weye njo ulifunga mulango!"

"Vula, tuone."

Casimir akavua viatu. Akavua shati. Syntiche akanyoosha kidole kwenye suruali, na Casimir, akimkazia macho, akaivua nayo. Alibaki na chupi mbele ya watoto aliokuwa akiwafundisha. Barazani mtu alicheka. Syntiche aliona raha, na hakuna sababu ya kumsitiri: aliona raha kabisa.

Casimir alivaa tena kila kitu, akasimama karibu na kipimo, akageuka pande zote nne. Namba hazikutikisika.

"Sasa weye," alisema.

"Miye? Thèse ni yangu! Nitajiharibia mwenyewe?"

"Geuka, madame."

Syntiche aligeuka. Namba ziliruka. Akageuka upande wa pili, zikashuka, na barazani hakuna aliyecheka. Alipapasa kiuno cha suruali yake, suruali aliyoichagua kwa sababu vifungo vyake ni vya plastiki. Ndani ya pindo kidole kiligusa kitu kigumu. Alilipindua. Ilikuwa medali ndogo ya Bikira Maria, ya alumini, isiyoweza kuvuruga kipimo chochote. Lakini ilishikwa na pini ya chuma, ile ya kufungia nepi. Mkono ulioitia aliujua.

Casimir aliitwaa kutoka vidoleni mwake, akaitia mfukoni, akaondoka bila kumtazama.

"Rudisha ufunguo ya labo," profesa alimwambia Syntiche.

Nyumbani, mtaa wa Katuba, mama yake, Germaine, alikuwa anasonga bukari, ugali wa jioni. Syntiche hakumsalimu.

"Mama, njo weye ulitia épingle mu pantalon yangu?"

"Njo miye."

"Umeniua! Kazi yote imeanguka juu ya ile kichwa nguvu yako! Si nilikuambia chuma hapana?"

"Uliniambia unaenda mu shimo."

"Shimo gani? Ya zamani, ilishajifunika! Tulikuwa tunatembea juu!"

"Baba yako naye alisema ni shimo ya kidogo tu."

Baba alikuwa ameshuka kuchimba madini na wenzake, udongo ukawaporomokea, na yeye hakupatikana hata kiatu. Syntiche alichukia namna mama alivyoivuta habari hiyo katika kila ugomvi.

"Baba umuache!"

Germaine aliweka mwiko chini. "Ile médaille ni yake. Ile siku tu aliiacha pa meza. Weye nilikutilia mu nguo, na ulirudi. Niko nakuona. Thèse, mi sijue thèse."

Hasira ilikuwa bado imemjaa Syntiche kifuani, lakini hakupata pa kuitua. Mama akanyoosha mkono.

"Lete."

"Nini?"

"Médaille ya baba yako. Lete."

Syntiche alitazama viganja vyake. Akilini alimwona Casimir pale uani asubuhi, ameshika suruali yake mkononi.

"Iko kwa yaya Casimir," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi enda ukaichukue."

Germaine aligeukia chungu chake. Syntiche alivaa viatu tena. Mlangoni alisimama akitafuta neno la kwanza la kumwambia Casimir, halikuja, akatoka hivyo hivyo.