Ndevu za Nguzo ya Tatu

Kila Jumamosi asubuhi Opicho alitoka Makongeni kwa miguu, akafuata Barabara ya Jogoo hadi mjini, wembe na kipande cha sabuni mfukoni, kwenda kunyoa nguzo. Ilikuwa ya tatu kwenye baraza ya Jumba la Zumaridi. Ikiachwa wiki mbili, ndevu zake zilifika usawa wa vitasa vya milango, zikawakera wenye maduka. Zamani zilikuwa nyeusi tititi. Kufikia mwaka wa tisini na tano zilikuwa zimejaa mvi, sawa na za Opicho mwenyewe.

Aliyekuwa ndani ni Nabiswa, kaka yake. Walitoka Bungoma pamoja mwaka wa hamsini na tano, jumba likijengwa, wakaajiriwa kubeba karai. Siku ya kumimina zege la baraza, Nabiswa aliteleza juu ya mbao akatumbukia ndani ya nguzo ya tatu. Msimamizi alichungulia, akasema simiti itaganda, endeleeni. Jioni akaandika kwenye rejista ya kazi: ametoroka.

Neno hilo moja lilimkalia Opicho kooni miaka arobaini. Kwao, mtu akizikwa, siku ya tatu jamaa hukaa pamoja wakanyolewa, na baada ya hapo jina lake laweza kupewa mtoto. Sasa nani anyolewe kwa ajili ya mtu aliyetoroka kazi? Shangazi yao, mama mwenye ulimi haswa, alishamaliza maneno: "Niletee karatasi kwamba alikufa. La sivyo, huyo yuko huko Nairobi na mwanamke." Na sasa Walter, mwanawe Opicho, alikuwa amepata mtoto wa kiume. Opicho aliapa mtoto huyo ni Nabiswa au hana jina. Mtoto alikuwa na miezi minne, na nyumbani Bungoma walimwita tu Huyu.

Mwaka huo mwenye jumba alitaka historia ya jengo ichongwe kwenye bamba la shaba, akamwajiri Kezia, msichana wa Donholm aliyesomea mambo ya majengo. Kezia alimkuta Opicho na povu mkononi. Akatoa futi, akapima ndevu.

"Mzee, hizi zimekuwa hapa tangu lini?"

"Tangu hamsini na tano. Ni za kaka yangu. Andika, binti. Andika Nabiswa, na uandike alikufia hapa."

Kezia akaandika. Opicho aliiona kalamu ikitembea, na moyo ukamruka. Akarudi Makongeni, akanunua nusu kilo ya nyama, akaipika na kuila mwenyewe chumbani. Furaha yote ile, na hana hata mtu wa kumwambia karibu.

Wiki mbili baadaye Kezia alibisha mlangoni kwake. Hakutaka kuketi.

"Pole, mzee. Rejista inasema alitoroka. Nimebishana na mwenye jumba mpaka nikachoka. Ati bamba ni la mambo yenye ushahidi."

"Na ndevu?"

"Ndevu zinabaki. Amezipenda sana."

Bamba likatundikwa. Lilimtaja aliyechora ramani, lilitaja mawe ya Ndarugo na ngazi za terazo, kisha likasema: nguzo sita za baraza, ya tatu ikiwa na ndevu. Watu walisimama, wakasoma, wakaenda zao.

Opicho alilisoma mara mbili. Akainyoa nguzo polepole, hasa pale alipokisia kidevu. Alipomaliza akaketi sakafuni, akaupeleka wembe kichwani kwake mwenyewe, akanyoa nywele zote. Kazi ile hufanywa na mtu wa ukoo, ua ukiwa umejaa watu. Yeye alikuwa na nguzo tu, akaiegemea.

Annah, muuza vitambaa, akatoka dukani.

"Umefiwa, mzee?"

"Ndiyo."

"Lini jamani?"

"Hamsini na tano."

"Woi, pole sana," akasema, akamletea maji ya kuosha kichwa.

Jumamosi iliyofuata ndevu zilikuwa zimeota tena, na Opicho akaja na wembe wake. Mfukoni alikuwa na barua ya Walter. Mahindi yalikuwa yamefanya vizuri, shangazi alikuwa mzima, na mtoto sasa alikuwa mwerevu kweli. Ukimwita Huyu, anageuka.