Kitabu Kilichovuliwa Koti

"...limegoma kabisa! Vifungo huku, matundu yake kule, kama majirani waliogombana! Dada, usicheke!"

Chiriku, jina alilopewa nyumbani kwa kushindwa kuushika ulimi, alikuwa ameibana simu kwa bega huku mikono yote miwili imekamata koti la baba yao. Kesho baba angelivaa kumsindikiza harusini huyo huyo dada aliyekuwa akicheka simuni. Na koti lilibana mgongoni hata mzee hawezi kukunja mikono.

"Nakupigia tena," akasema, akakata.

Kosa lilikuwa lake. Alikuwa na cheti cha chuo, ndiyo, lakini ushonaji alikuwa akijifunzia hapa kwa mjomba, fundi mwenye vitabu viwili vya suti za kiume: kikuukuu kinaitwa Babu, kipya kinaitwa Mjukuu. Chiriku alichora kipande cha mbele kutoka kwa Babu, na cha nyuma kutoka kwa Mjukuu, maana picha zake zilimvutia. Kumbe michoro ya Babu ina nafasi ya mshono tayari, ya Mjukuu inamwachia fundi aongeze mwenyewe! Mkasi ukafuata mstari, chwaa, na kipande cha nyuma kikatoka finyu.

"Mjomba, si uliniambia niviamini vitabu?"

"Nilisema uviamini, sikusema uviozeshe!"

Baba akalivua koti taratibu. "Basi, nitavaa shati. Shati nalo nguo."

Upole ule ulimchoma Chiriku kuliko kukaripiwa. Tangu ujana baba alivaa makoti ya kurithi kwa kaka zake. Hili ndilo la kwanza kukatwa kwa kipimo chake.

"Kitambaa kimebaki?" Chiriku akauliza.

"Hata cha kufutia miwani hakuna. Na dukani kimekwisha." Mjomba akaitazama rafu. Vitabu vyake havikai uchi; huvishonea majalada kwa masalio ya suti. Fundi anayeacha kitabu chake uchi, husema, atamvisha nani? Na juzi tu Babu alikuwa amepata koti jipya, la bluu iliyoiva. Bluu ile ile ya koti la baba.

"Mvue," mjomba akasema.

"Mjomba!"

"Mvue, ameyataka mwenyewe."

Jalada likatoa vipande viwili vyembamba. Wakaviunganisha, wakafumua mshono wa katikati ya mgongo, wakavishona hapo kama mkunjo, kisha mkanda mfupi wa kiunoni, wa jalada hilo hilo, ukakificha kiungio. Baba akavaa. Akainua mikono, akaikunja, akamkumbatia shemeji yake kwa nguvu. Hakuna uzi uliolia.

"Sasa nitamkumbatia mwanangu bila kupasuka," akasema, akageukia kioo, akakaa hapo muda mrefu.

Simu ikaita.

"We Chiriku! Limetosha?"

"Limetosha, tena... aa, sisemi! Kesho baba akikukumbatia, mpapase mgongoni katikati. Ndipo nitakapokusimulia ni mzee gani aliyevuliwa nguo mchana kweupe kwa ajili yako."