Mtoto Haingii Wodini

Hospitalini pale palikuwa na masharti mawili, na Happy aliingia katikati yake kama punje kati ya mawe ya kusagia. La kwanza: mgonjwa asiyejiweza lazima awe na ndugu wa kumuuguza. La pili: mtoto mchanga haingii wodini. Ndugu wa kumuuguza mama alikuwa yeye peke yake. Mtoto mchanga alikuwa mgongoni mwake, Editha, miezi minane, hajui chupa, hajui uji, anajua ziwa tu.

Tangu mama aanguke shambani Kibimba, upande wa kulia ukafa na koo likagoma kumeza, Happy alikwisha piga simu zote za kupiga. Kaka yake, Anold, alikuwa machimboni. "Mimi mwanamume nitamgeuzaje mama? Nitamwogeshaje? Hiyo ni kazi yako, Happy." Wifi yake alikuwa na siku kumi tangu ajifungue. Mumewe, Gidioni, alikuwa kibarua Kahama, na kibarua akiondoka wiki moja hukuta mwenzake kasimama mahali pake. Wasichana wa kulea nao walikwisha ondoka kijijini, wanalea watoto wa watu Mwanza.

"Mama, wewe pita. Mtoto abaki," Desderius, mlinzi wa getini, alimwambia siku ya kwanza.

"Abaki na nani?"

Desderius akalitazama tangazo ukutani kana kwamba jibu lingekuwa humo. "Hilo halijaandikwa."

Nje ya geti palikuwa na banda ambamo ndugu wa wagonjwa walipikia. Humo ndimo alimomkuta Irambona, mwanamke wa makamo, mkulima wa Kasulo, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa tumboni. Alikuwa anamuuguza dada yake, Nimpaye, aliyejaa maji tumboni, kitanda chake ubavuni mwa kitanda cha mama yake Happy. Kirundi cha mmoja na Kihangaza cha mwingine ni watoto wa nyumba moja. Wakaelewana hapo hapo.

"Nipe huyo," Irambona alisema, akijipangusa majivu mikononi. "Nishike wako, nawe uangalie wangu. Asubuhi mimi ndani na wagonjwa wote wawili, mchana wewe."

"Analia sana, dada."

"Analia? Nimelea saba mimi. Huyu ataimba."

Wanawake wakacheka. Mmoja akapaza sauti: "Desderius! Siku ukiugua wewe, hilo geti lako ndilo litakalokugeuza!" Desderius akajifanya anafunga kamba za viatu.

Siku nne zamu ikaenda vizuri. Happy akaanza kufikiri kama mtu aliyepata pumzi: huenda mama ataketi, huenda baada ya wiki mbili atashika kijiko. Katika daftari lake la masomo ya jioni, nyuma ya kurasa za hesabu, akaandika saa za kumgeuza: saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane. Mgongo wa mama usioze. Nesi akamfundisha kumlisha kwa mpira wa puani, uji mwepesi uliochujwa, ukisukumwa polepole kwa bomba la sindano.

"Kichwa kiwe juu," nesi alisema. "Ukianza usimwache. Uji ukirudi ukaingia kifuani, basi."

Siku ya tano, mchana, bomba lilikuwa nusu aliposikia sauti nyuma yake.

"Irambona."

Alikuwa Nimpaye. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, macho yamekazia mlangoni.

"Yupo nje, dada. Namwita sasa hivi, nimalizie huu." Akapaza sauti: "Nesi!"

Nesi alikuwa peke yake wodi nzima, nyuma ya pazia na mgonjwa anayetapika damu. "Nakuja!" akajibu. Hakuja.

"Irambona."

Safari hii jina lilitoka kama pumzi. Kutoka pale hadi getini ni dakika mbili kwa kukimbia. Happy alitaka kuliweka bomba chini. Mkono wake mwingine ulikuwa chini ya shingo ya mama, na mama akakohoa. Akabaki. Akasukuma uji polepole, kama alivyofundishwa, akangoja kifua kitulie, akamwegemeza mama kwa blanketi. Ndipo akakimbia.

Irambona alipomwona anakuja hivyo hakungoja neno. Akamwachia mtoto, akaingia mbio.

Alirudi baadaye, khanga kichwani, macho makavu. Wanawake wote bandani walikuwa wamesimama.

"Aliniita?"

Neno "hapana" lilikuwa mdomoni mwa Happy, jepesi, limekwisha iva. "Alikuita mara mbili. Nilikuwa namlisha mama. Nilimaliza kwanza."

"Mara mbili." Irambona akamtazama Editha. "Na mimi nipo hapa, nambembeleza wako."

"Nisamehe, dada."

"Mama yako amekula?"

"Amekula."

"Haya." Akaokota sufuria na mkeka wake, akaenda kutafuta gari la kuurudisha mwili wa dada yake Kasulo.

Saa nane ikafika. Happy akawageukia waliobaki. "Jamani, nani atanishikia?"

Mmoja akakoroga chungu kisichohitaji kukorogwa. Mwingine, aliyekuwa akicheka kuliko wote siku ile, alisema kwa upole, "Wangu yu mahututi, Mama Editha. Na akiniita mimi?"

Hakuna aliyesema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi.

Akamnyonyesha Editha hadi akaliachia ziwa. Akatafuta nguzo ya banda iliyo mbali na mafiga. Akamketisha chini yake, akamzungushia khanga kiunoni, akafunga fundo kwenye nguzo, akalijaribu kwa kulivuta. Mtoto akadhani ni mchezo, akacheka.

Kilio kilianza Happy alipofika getini. Desderius alimpisha, macho chini. Kilio kikamfuata uani, kikamfuata barazani hadi ndani ya wodi. Mama naye alikuwa amekisikia. Jicho lake zima lilikuwa linatazama dirishani. Happy akamshika begani na nyongani, akahesabu moja, mbili, akamgeuza.